Naomba ushauri: chambo gani kinamtoa samaki mkubwa bwawani?

MsamiaWaMukono
Wakuu, habari za jioni. Nina bwawa huku Mukono, limepakana na kinamasi cha mafunjo. Niliweka vifaranga vya sato, nikawalisha vizuri, ila sasa wanapungua. Kuna samaki mkubwa humo anayewamaliza. Nimetega ndoano kwa nyungunyungu, nailoni inakatika kama uzi wa kushonea. Chambo gani kinafaa, na ndoano ya ukubwa gani? Nijibuni mapema, kazi nataka niifanye Jumamosi.

KijanaWaMasese
Kambare huyo. Chukua utumbo wa kuku, uache unuke, tega usiku na chubwi hadi chini kabisa. Kambare anatafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu, macho hayamsaidii sana. Huku kwetu wengine wanatumia kipande cha sabuni ya mche na wanapata.

AfandeMstaafu
Nilipokuwa kazini Pakwach tulivua sangara kwenye Nile, chambo ni sato mdogo aliye hai. Unamtoboa mgongoni taratibu asife, unamwachia mkondo umpeleke. Sangara akishika, mikono inaungua kwa mshipi. Chini ya maporomoko ya Murchison wanatoka wa kilo mia na zaidi, watu wanatoka Ulaya kuja kuwavua. Vijana wa siku hizi hamjui raha hiyo.

MamaSato
Afande, sangara na bwawa wapi na wapi? Sangara anataka maji yenye hewa nyingi. Mleta mada, huyo samaki umemwona kwa macho? Anapanda juu kuvuta hewa? Na kwa nini lazima Jumamosi?

MsamiaWaMukono
Nimemwona, mama. Jioni mdomo unatokeza kwanza, anavuta hewa kwa sauti, anazama, kisha mapovu yanapanda kwa mstari kuelekea kwenye mafunjo. Sharubu hana. Mapezi ya kifuani ni membamba, yananing'inia kama kamba mbili. Jumamosi ndiyo siku nina nafasi.

FundiMabwawa
Basi ni kamongo, samaki mrefu anayevuta hewa kwa mapafu. Nailoni hutamweza nayo, ana mabamba ya meno yanayosaga konokono na ganda lake. Karibu na ndoano weka waya wa chuma, na akitoka usimguse mdomo. Lakini kwa nini uhangaike? Bwawa ni lako: punguza maji, watoe sato kwa wavu, kisha mtafute kwenye tope kabla hajajichimbia.

MsamiaWaMukono
Kupunguza maji haiwezekani.

FundiMabwawa
Kwa nini?

MsamiaWaMukono
Ardhi ni ya baba mkwe. Sato ni wangu, niliwanunua kwa mkopo wa SACCO. Mzee ni wa ukoo wa Mmamba, na mke wangu vilevile, na kamongo ndiye mwiko wao. Hawamli, hawamuui. Mzee alishamwona akasema aachwe. Jumamosi mzee anakwenda hospitali Kampala. Mimi si wa ukoo huo, kwetu Busia kamongo analiwa bila shida. Waya nimeshanunua na kuna mama sokoni atamchukua mzima. Mwiko ni wao, deni ni langu. Sijaona nakosea wapi, mimi nimeuliza chambo tu.

MkweMwema
Kumbe! Baba wa mkeo amekataa kwa mdomo wake, wewe unasubiri aende hospitali? Ukweni heshima hailipwi kwa mkopo. Mkeo akijua utamwambia nini?

MwanzaSamaki
Huku Mwanza kamongo akikaushwa kwa moshi, kisha akaungwa kwa nyanya na vitunguu, wageni wanasahau kuaga. Moto uwe mdogo.

MamaSato
Kwetu zamani wanawake hawakumla kabisa, bibi zangu walikuwa hawamgusi hata kumsafisha. Siku hizi wengi wanakula. Ila huyu mzee si suala la kula, amesema aachwe.

NdoanoKali
Mnapoteza muda, hii hadithi ni ya kutunga. Mwanzo "nina bwawa", sasa ni la baba mkwe. Mwanzo "nina nafasi", sasa ni hospitali. Mkopo umeibuka katikati. Mkwe gani Uganda anapewa bwawa ukweni? Kesho atatuomba mchango.

KijanaWaMasese
Hata mimi nimeanza kushangaa. Kamongo aliingiaje kwenye bwawa la kufugia?

FundiMabwawa
Kuingia si ajabu, mabwawa mengi ya kando ya kinamasi nimewakuta. Mleta mada, tueleze maji yanaingilia wapi.

MsamiaWaMukono
Bomba la inchi nne linatoka kwenye mfereji wa kinamasi. Mdomoni tulifunga chandarua cha kitanda kwa mpira wa baiskeli. Kimechanika upande wa chini, mvua kubwa ilileta magogo. Bwawa alikuwa nalo shemeji, akahamia Kalangala kwenye uvuvi, mzee akaniambia nilitunze. Sijaomba hela ya mtu. Marejesho yanaanza mwezi ujao, nikifika pale bwawani usingizi hauji.

NdoanoKali
Chandarua na mpira wa baiskeli, hapo nakubali umewahi kufika bwawani. La hospitali bado silipendi.

FundiMabwawa
Sikia sasa. Chandarua hicho kikibaki hivyo, ukimtoa huyu atakuja mwingine. Weka wavu wa waya mgumu kesho asubuhi, hilo halivunji mwiko wa mtu. Pili, angalia kingo kama kuna nyayo au mabaki ya samaki: mnandi na fisi maji wanamaliza sato kuliko unavyodhani, na kamongo anakula sana konokono. Ukihakikisha ni yeye, mpigie shemeji Kalangala aongee na baba yake, waombe atolewe akiwa hai na kurudishwa kinamasini. Wakikubali, tega mgono, ule mtego wa kufuma, wenye utumbo wa kuku, lakini sehemu ya juu ibaki nje ya maji. Kamongo mkubwa akinyimwa hewa anakufa maji, na hapo utakuwa umemuua ukweni kwa mzee. Kituo cha utafiti wa ufugaji samaki kipo Kajjansi, nenda waulize kuhusu hao sato waliobaki.

MsamiaWaMukono
Wavu nitaweka. Lakini mzee akikataa hata hilo la mgono? Yule mama sokoni ananisubiri.

MamaSato
Mwambie yule mama umemkosa. Mzee akikataa, vua sato waliofikia ukubwa wa sahani, uza wiki hii, peleka SACCO rejesho la kwanza. Wadogo watenge kwenye kizimba cha wavu humo humo bwawani. Shemeji umempigia?

MsamiaWaMukono
Simu yake haipatikani, yuko ziwani. Nitajaribu tena usiku wakirudi mwaloni.