Filamu fupi za kuchu zisizo na maneno: mbona zimekaa hivi, na nianzie wapi?

binti_wa_temeke
Wadau habari za jioni. Nasoma mambo ya video hapa Dar, mwaka wa pili, na nina swali ambalo darasani siwezi kuliuliza, mnajua wenyewe kwanini. Rafiki yangu alinipa flashi yenye filamu fupi fupi za kuchu, yaani watu wa LGBTQ, wanaopenda jinsia yao na wenzao, zile za majaribio, nyingine dakika nne nyingine karibu nusu saa. Nikakaa nazo usiku mzima na hedfoni nikijua naenda kuona stori za mapenzi, kumbe hakuna anayeongea, mara moshi mara mikono mara mtu anautazama ukuta, zikiisha nabaki na kitu kifuani ila ukiniambia nisimulie nimeona nini siwezi. Kuna moja ya wafungwa wawili nimeirudia mara tatu. Ndo zilivyokusudiwa hivyo au mimi ndo sielewi? Halafu nataka kutengeneza ya kwangu, dakika tano tu, kamera sina nina simu, waigizaji sina maana hakuna atakayekubali kuonekana. Naanzaje?

mzee_wa_projekta
Mdogo wangu umeelewa vizuri kabisa, hicho kilichobaki kifuani ndo filamu yenyewe.

Hiyo ya wafungwa ni Un chant d'amour ya mwandishi Jean Genet, Ufaransa, 1950, dakika 26 hivi na haina sauti hata moja. Genet jela aliijua kwa kulala humo, hakusimuliwa. Rudia tena pale kwenye moshi: ukuta mzima uko katikati yao, kuna katundu kadogo, mmoja anapenyeza unyasi anapuliza moshi wa sigara na mwenzake upande wa pili anaupokea mdomoni. Ukiwapa hao watu maneno umewaharibia, kwa sababu jambo zima ni kwamba wanapendana na hawana namna ya kuambiana, na askari jela anachungulia mlangoni. Ukimya pale ni hali yao, wala usidhani ni urembo wa msanii. Na filamu yenyewe iliishi vilevile, miaka na miaka inaonyeshwa kwa kujificha, Marekani kesi yake ilianzia Berkeley kule California ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na mwaka 1967 majaji wakakubaliana na waliosema ni uchafu. Dakika 26 zisizo na neno hata moja!

nusu_saa_tu
Kuhusu kutokuwa na kamera, dada tafuta kazi za Sadie Benning. Huyu alikuwa na miaka kama 15 huko Milwaukee, Marekani, baba yake (naye mtengeneza filamu) akampa kamera ya watoto ya kuchezea, PXL-2000 ya Fisher-Price, inarekodi kwenye kaseti za kawaida zile za muziki, picha nyeusi-nyeupe yenye chenga chenga ukiangalia unadhani tivii imeharibika. Akajifungia chumbani kwake akaanza kujirekodi, jicho, mdomo, karatasi zenye maneno aliyoandika kwa mkono anazipitisha mbele ya lenzi, anaongea taratibu kuhusu kupenda wasichana kama mtu anayekunong'oneza shukani. Picha ya ile kamera ilikuwa hafifu, akasogea karibu, na ule ukaribu ndo ulioshika watu mpaka mwaka 1993 kazi zake zikaingia Whitney Biennial, maonyesho makubwa ya sanaa New York, hajafika hata miaka 21. Simu yako inaishinda ile kamera mara mia.

Ile ya dakika nne nadhani ni Dyketactics ya Barbara Hammer, 1974. Picha juu ya picha, wanawake nje kwenye majani, ngozi, maji. Alitaka mtazamaji ahisi mguso kwa macho. Usitafute stori pale utachoka bure, angalia mikono tu.

kahawa_chungu_254
Niko Nairobi. Huku tuna mfano wetu na unanigusa kuliko hizo zote. The Nest Collective, kundi la wasanii, walikuwa wanazunguka wakirekodi sauti za wakenya kuchu wakisimulia maisha yao, hifadhi ya sauti tu, halafu wakachagua baadhi wakazigeuza filamu fupi tano nyeusi-nyeupe, jumla saa moja, Stories of Our Lives, akiongoza Jim Chuchu. Mwanzoni walificha majina yao, wakajitokeza watatu tu ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, Septemba 2014. Mwezi uliofuata bodi ya filamu ikaipiga marufuku Kenya na George Gachara, mmoja wa hao watatu, akakamatwa kwa kosa la kurekodi bila leseni, mashtaka yakaja kuondolewa baadaye. 2015 ikapata tuzo ya majaji wa Teddy, zile tuzo za filamu za kuchu kwenye tamasha la Berlin. Watu waliotoa hizo stori hawakuweza kuiona kwenye sinema ya mtaani kwao, hilo mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo anza na sauti. Mtu ambaye hatoi sura anaweza kutoa sauti, na hata sauti mwingine anaweza kumsomea. Umwambie kabla hujarekodi itakwenda wapi, na akibadilisha mawazo wiki ijayo futa bila kumbembeleza.

pwani_asilia
Mimi napingana kidogo. Vivuli, migongo, mikono, pazia linapepea, tumeshaona sana jamani, kuna wakati naona kama tunawazoesha watu kwamba sisi hatuna nyuso. Marlon Riggs, Mmarekani mweusi, kwenye Anthem ya 1991, dakika tisa tu, anakuletea wanaume weusi wanakutazama usoni, mashairi, muziki, busu, na alikuwa anaumwa ukimwi, 1994 akafariki. Mi nikiona nyuso zile nalia.

kahawa_chungu_254
@pwani_asilia nakuelewa na mi nazililia nyuso. Ila Riggs alitoa uso wake mwenyewe, na hao wengine waliamua wenyewe. Binti yuko Dar, atakayelipia gharama ya uso kuonekana ni yule mwenye uso, na sheria yenu mnaijua.

pwani_asilia
Kweli hapo. Basi binti, uso ukikosekana usiwe kwa sababu ndo fasheni ya filamu hizi. Tuuone kwamba umekosekana. Acha nafasi yake tupu kwenye fremu.

binti_wa_temeke
Nimesoma yote mara mbili, asanteni mno. Hiyo ya nafasi tupu imenikaa. Nina sauti ya mtu, dakika kumi na moja kwenye simu, ananisimulia walivyokuwa wanapikiana chai na mwenzake kabla hajahama mji, ameniruhusu na jana nimemuuliza tena. Nawaza niweke meza, vikombe viwili, kiti kimoja kina mtu anayeonekana mikono tu, kingine hakina mtu, kamera isitikisike. Chumba changu kina dirisha moja la magharibi, jua linaingia kama saa kumi na nusu mpaka kumi na mbili kasoro. Mzee_wa_projekta, nikirekodi mfululizo kwa simu mwanga ukawa unashuka wenyewe, itanisumbua kwenye kuediti?

mzee_wa_projekta
Funga (lock) kipimo cha mwanga na fokasi kwenye simu kabla hujabonyeza kurekodi, usiache ijirekebishe yenyewe. Halafu liache jua lishuke.