Bwawa kubwa, siku sita za likizo: nianzie wapi kuvua?

MshipiMrefu:
Habari zenu wavuvi. Wiki ijayo nina likizo ya siku 6, mimi na binti yangu wa miaka 12 tunakwenda kuvua kwenye bwawa kubwa la umeme. Ni kubwa hasa, ukisimama upande mmoja ng'ambo huioni. Nitakuwa na boti ndogo ya injini na mishipi minne. Mwaka jana tulikwenda hapohapo nikamaliza siku 4 nikikimbia huku na huko: asubuhi karibu na ukuta, mchana visiwani, jioni mto unapoingilia. Tulipata perege 3 tu, wote sehemu moja, asubuhi moja. Kesho yake nikahama. Binti akaniuliza, "Baba, kwa nini tusirudi pale pale?" Sikumsikiliza, na mpaka leo inaniuma.

Nataka perege, na usiku kambare akipatikana. Maji sasa hivi yameshuka kama mita 3. Nianzie wapi?

Chubwi:
Ndugu yangu, binti alikuwa sahihi.

Bwawa ni bonde lililofunikwa maji. Mto wa zamani bado uko chini na kona zake zote, pamoja na visiki na matuta ya mashamba ya zamani. Kwa hiyo usitazame maji, tazama vilima. Mteremko mkali wa nchi kavu kwa kawaida huendelea hivyo hivyo majini, na uwanda nao huendelea kuwa uwanda. Rasi uionayo inaishia majini haijaishia hapo, imezama tu. Chagua hori moja tu, yaani mkono wa maji ulioingia ndani ya nchi kavu, lenye kijito kinachoingia, ukae nalo siku 3 za mwanzo.

Maji kushuka mita 3 ni bahati yako. Tembea kwa miguu ufukweni kabla ya kushusha boti. Pale palipokauka utaona vishimo vya mviringo, vimepangana kama sahani mezani. Ni viota vya perege: dume huchimba kwenye mchanga au changarawe, penye kina kifupi. Ukivikuta, umeshajua sakafu anayoipenda, na sakafu hiyo inaendelea chini ya maji. Lakini tafadhali usivue juu ya viota vyenye samaki. Sogea nje kidogo, pale kina kinapoanza kudidimia, uvue ukingoni. Na uliza mapema mazalia yaliyofungwa yako wapi.

Sasa kuhusu kina. Mwaka wangu wa kwanza kwenye bwawa la namna hiyo niliambiwa samaki wakubwa wako chini kabisa. Nikashusha mshipi mita 25, asubuhi nzima, hata kuguswa sikuguswa. Nilipovuta, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ilikuwa imevaa tope jeusi, laini kama uji, linalonuka mayai viza. Harufu ile sijaisahau. Msimu wa joto maji ya moto ni mepesi, hukaa juu, na yale ya baridi hubaki chini bila kuchanganyika nayo. Huko chini majani na miti iliyozama huoza na kumaliza hewa yote. Samaki hakai mahali asipoweza kupumua, hata chambo kiwe kitamu vipi.

Tangu siku ile napaka grisi kidogo chini ya chubwi. Naishusha, inagonga, naivuta natazama. Ikija na punje za mchanga au kipande cha konokono, natia nanga. Ikija nyeusi na inanuka, narudi kwenye kina kifupi zaidi. Mpe binti kazi hiyo, ana subira kukuzidi.

BabaJahazi:
Naongeza la usalama, maana kuna mtoto. Ukutani usikaribie. Kwenye milango ya maji na midomo ya mitambo kuna mvuto usiouona kwa juu, ndiyo maana wanaweka maboya. Usiyavuke hata kama wengine wanavuka. Ndani ya hori lenye visiki nenda polepole, ikiwezekana inua injini upige kasia. Maji yakishuka, kisiki kilichokuwa mita 3 chini mwaka jana sasa kiko usawa wa propela. Jaketi la kuokolea alivae mwilini, lisikae chini ya kiti.

MamaWaKambare:
Mimi na kaka Chubwi hatupishani sana, ila kwa kambare hori moja halitoshi. Kambare huja juu kugugumia hewa, kwa hiyo maji ya tope yenye hewa kidogo hayamtishi. Mvua ikinyesha usiku, acha perege, nenda mto unapoingilia ukae pembeni kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya. Chambo kilale chini kabisa.

Halafu upepo. Ukivuma upande mmoja siku 2 au 3 mfululizo, husukuma vijidudu vya majini mpaka ufuko unaopigwa, na samaki hufuata. Lakini ufuko huo ndio wenye mawimbi. Mimi hukaa nyuma ya rasi, natupa mshipi kuelekea maji yanayochafuka.

Chubwi:
Dada yuko sawa kuhusu upepo, nilisahau. Kwa kambare namwachia yeye, usiku mimi nalala.

MshipiMrefu:
Ahsanteni sana, nyote. Nimemsomea binti, amekwishatafuta kidaftari cha kuandika kila chubwi inapopanda. Sasa nimekumbuka: pale tulipopata wale 3 palikuwa nyuma ya rasi yenye miamba miekundu, upepo ukitupiga kutoka kushoto, na nanga ilitoka na changarawe. Sikujua hayo yote yana maana. Tunaanzia hapo Jumatatu alfajiri, ukuta hatuusogelei. Tukirudi nitawaandikia kidaftari kimesema nini.