Barua ya mateka wa 1864 na ukurasa wa daftari la vifo: nichukue kipi?

MsomaDaftari

Ndugu wakusanyaji, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya karatasi zinazohusu magereza ya kijeshi ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ingawa mpaka sasa nimeishia kwenye ramani na picha za kuchapwa. Muuzaji mmoja sasa ananiuzia vitu viwili vilivyoandikwa kwa mkono. Cha kwanza ni barua ya ofisa wa jeshi la Kusini aliyekuwa mateka katika kisiwa cha Johnson's Island, Ohio, ya Septemba 1864, pamoja na bahasha yenye stempu mbili, ya Kaskazini ya senti 3 na ya Kusini ya senti 10, na alama ya mkaguzi. Barua ina kurasa nne, na mwandishi analalamikia njaa na ukali wa walinzi bila kuficha lolote. Cha pili ni ukurasa wa daftari la vifo la Andersonville, gereza la Kusini huko Georgia walikofungwa askari wa Kaskazini; ukingo wake wa kushoto umenyooka kana kwamba umepitishwa wembe. Muuzaji anasema ukurasa huo ndio wenye thamani zaidi. Naomba ushauri kabla sijalipa.

Karani wa Zamani

Ndugu, huo ukurasa uache. Madaftari ya Andersonville yaliyoangukia mikononi mwa jeshi la Kaskazini yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na kumbukumbu ya serikali haigeuki kuwa mali ya mtu binafsi kwa sababu tu miaka imepita. Ukurasa ukiwa wa kweli, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ulikatwa mahali fulani, na siku utakapotambuliwa utatakiwa kuurudisha bila fidia. Ukiwa wa kughushi, fedha yako imekwenda bure. Sioni njia ya tatu, isipokuwa muuzaji akuoneshe hati zinazothibitisha ukurasa umepita mikononi mwa nani na nani tangu 1865.

Karatasi za vifo za gereza lile zina historia ya ajabu. Dorence Atwater, askari wa Kaskazini aliyekuwa mateka pale na kupangiwa kazi ya kuandika majina ya waliokufa, alinakili orodha kwa siri kwa kuhofia kwamba ile rasmi isingewafikia jamaa wa marehemu. Kwa msaada wa orodha hiyo, yeye na Clara Barton, muuguzi mashuhuri wa vita hivyo, walishiriki msafara wa kiangazi cha 1865 uliowekea alama makaburi karibu 13,000, na ni takriban 460 tu yaliyobaki bila jina. Hata hivyo, mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ilimtia Atwater hatiani kwa wizi wa orodha aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe! Gazeti la New York Tribune liliichapisha mwaka 1866, na nakala za chapisho hilo unaweza kuzikusanya bila kumwogopa mtu.

Mpenda Bahasha

Nakubaliana na Karani, lakini mimi barua ndiyo inayonitia shaka zaidi. Makubaliano ya kubadilishana mateka ya Julai 1862 yalivunjika mwaka uliofuata, hasa kwa sababu upande wa Kusini ulikataa kuwahesabu askari weusi kuwa mateka kama wengine, na ndiyo maana kufikia 1864 magereza ya pande zote mbili yalikuwa yamefurika na barua zilikuwa nyingi. Barua hizo zilivuka mstari wa vita chini ya bendera nyeupe kwa masharti makali: ukurasa mmoja tu, habari za nyumbani tu, na bahasha iachwe wazi ili mkaguzi aisome. Mkaguzi wa kuruhusu kurasa nne za malalamiko dhidi ya walinzi wake mwenyewe sijapata kumsikia.

Huenda barua ni ya kweli, ila ilitolewa kwa magendo, labda na mateka aliyeachiliwa kwa ugonjwa. Lakini barua ya namna hiyo haiwezi kuwa na alama ya mkaguzi. Ninachohofia ni kwamba bahasha halali imeoanishwa na barua isiyo yake, kwa sababu viwili vikiwa pamoja huuzwa ghali kuliko kila kimoja peke yake. Kunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, uone kama inaingia. Tazama pia mihuri: stempu ya Kaskazini ingegongwa Sandusky, palipokuwa na posta ya karibu na kisiwa, na ile ya Kusini kwa kawaida Richmond.

MsomaDaftari

Nimekwenda kujaribu. Mihuri ni ya Sandusky na Richmond kama ulivyosema. Barua, hata ikikunjwa kwa mikunjo yake yote, inazidi bahasha kwa upana wa kidole, na jina la mpokeaji kwenye bahasha ni la mwanamke ambaye barua haimtaji popote. Muuzaji amekubali kuniuzia bahasha peke yake. Ukurasa sikuuzungumzia tena.

Fundi Karatasi

Kabla ya kulipa, imulike bahasha kwa taa ya urujuanimno gizani. Karatasi ya 1864 haing'ai kwa weupe wa samawati, kwa kuwa kemikali zinazoleta mng'ao huo zilianza kutiwa kwenye karatasi katika karne ya 20. Wino wa chuma wa wakati ule hugeuka kahawia na mara nyingine huila karatasi, kwa hiyo anwani ikiwa nyeusi tii, uliza maswali. Bahasha za Kusini mara nyingine huwa na mistari ya daftari la hesabu upande wa ndani, maana karatasi ilikuwa adimu huko na watu walitengeneza bahasha kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Lakini hiyo yako ilianzia Ohio, na huko uhaba huo haukuwepo, kwa hiyo ukiikuta mistari hiyo nijulishe. Ukishaichukua, usiibandue stempu, usiiguse kwa selotepu, na iweke katika mfuko wa poliesta, si ule wa plastiki laini yenye harufu.