Mtoto aliyejeruhiwa ajalini: atundikiwe dripu zahanati au akimbizwe hospitali?

Mkazi wa Segera
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Huku kwetu barabara ya Chalinze–Segera ajali haziishi. Mtoto akigongwa, pa kwanza kupelekwa ni zahanati, na hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji iko mbali. Nilichokiona ni kwamba mtoto anatafutiwa mshipa kwanza, anatundikiwa dripu, halafu ndipo watu wanaanza kuhangaikia gari. Kwa mtoto anayevuja damu mpangilio huo una hatari.

Mtoto wa kilo 15 ana damu kama lita 1.2 tu mwili mzima, maana ni mililita 80 hivi kwa kila kilo. Chupa ya nusu lita ukiimaliza kwake umemwingizia maji yanayozidi theluthi ya damu yake. Maji hayo hayabebi oksijeni wala hayagandishi damu. Yanazimua kidogo kilichobaki, yanaupoza mwili, na presha ikipanda ghafla donge lililoziba mshipa linabanduka. Mwaka 1994 madaktari wa Houston, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima waliopigwa risasi au kuchomwa visu kiwiliwilini: waliosubirishwa maji mpaka chumba cha upasuaji walipona 70 kwa kila 100, waliopewa tangu njiani 62.

Basi, zahanati ziambiwe zibane kidonda, zimfunike mtoto apate joto na zimwondoe haraka? Au dripu iendelee?

Baba Zuhura
Kwa hiyo mtoto anakata roho na sisi tumkodolee macho? Mtoto wa kaka yangu alimwagikiwa sufuria la maji ya moto, na dripu aliyowekewa pale pale ndiyo iliyomfikisha hospitali akiwa hai. Usilete Houston hapa. Tena tatizo siyo dripu, tatizo ni manesi wa zahanati. Unafika na mtoto anachuruzika damu, swali la kwanza: PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Baba Zuhura, shikamoo, lakini hapo umenichoma. Mimi ni nesi wa zahanati. Usiku niko peke yangu na mhudumu mmoja, umeme ukikatika tunamulika kwa simu. Nimeshika vidole vyangu kwenye shingo ya mtoto mpaka gari likaja, sikumuuliza mama yake karatasi yoyote. Msitubebeshe wote dhambi ya wachache.

Baba Zuhura
Marahaba binti yangu. Sijakutaja wewe. Nasema kilichonikuta: tulirudishwa kituo cha polisi na mtoto mgongoni. Aliyeturudisha alikuwa amevaa sare kama yako.

Tabibu Kijana
Turudi kwenye mada kidogo. Baba Zuhura, kuungua na kuvuja damu ni vitu viwili. Aliyeungua eneo kubwa, kwa mtoto tunahesabu kuanzia asilimia 10 ya ngozi, anapoteza majimaji, na anarudishiwa majimaji kwa hesabu ya uzito na eneo lililoungua. Anayevuja damu anapoteza damu. Dawa yake ni kuuziba mshipa na kumpa damu. Waliomwekea dripu mtoto wa kaka yako walifanya sawa kabisa, ila mfano huo haumjibu Mkazi wa Segera.

Jingine ambalo wazazi hawaambiwi: mtoto anadanganya. Presha yake inashikilia mpaka apoteze karibu asilimia 30 ya damu, halafu inaporomoka mara moja. Ukisubiri presha ishuke umechelewa. Angalia mapigo yanayokwenda mbio, viganja na nyayo za baridi, mtoto aliyekuwa analia akaanza kunyamaza na kulegea.

Mwana Muheza
Hizi dripu za haraka kwa watoto zina historia kwetu. Kama 2010 au 2011 walikuja wazungu na utafiti wao Muheza, watoto wakajazwa maji, wakafa. Watu mmesahau?

Tabibu Kijana
Hatujasahau, ila uuseme ulivyokuwa. Utafiti huo unaitwa FEAST, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Kujaza maji kwa haraka ndiyo ilikuwa desturi iliyosifiwa nchi tajiri, na ilikuwa haijapimwa vya kutosha kwa watoto wetu. Makundi mawili yalipewa maji haraka, wakafa 10.6 kwa kila 100 katika moja na 10.5 katika jingine ndani ya saa 48, wasiopewa 7.3. Zoezi lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu hiyo hiyo. Na majeruhi hawakuwemo, waliondolewa tangu mwanzo. Kwa hiyo inatufundisha tahadhari, haitoi hukumu juu ya mtoto aliyegongwa na gari.

Mwana Muheza
Maneno mengi, lakini waliokufa ni wetu. Hilo hujalikanusha.

Afande Mstaafu
Mnaiponda PF3 bila kujua kazi yake. Ile fomu ndiyo ushahidi. Daktari asipojaza majeraha, dereva aliyemgonga mwanao atasimama mahakamani na kusema mtoto alianguka kwenye mwembe. Na fidia ya bima mtaifuatilia kwa karatasi gani? Nimeona kesi nyingi zikifa kwa kukosa fomu hiyo.

Mama Junior
Afande, kesi ifufuke mtoto akiwa kaburini inamsaidia nani? Viongozi wamelitamka hili zaidi ya mara moja, mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Mbona kwenye madirisha ya mapokezi haijafika?

Afande Mstaafu
Sijasema asitibiwe. Soma nilichoandika, dada.

Niko Birmingham
Huku Uingereza helikopta na magari ya dharura mengine yanabeba damu yenyewe. Hata hivyo 2022 ulitoka utafiti wa RePHILL, majeruhi 432 watu wazima, wengine walipewa damu na plazima (yale majimaji ya damu) njiani, wengine maji ya chumvi. Haikuonekana tofauti ya wazi. Kwa hiyo msiyatangaze maji kuwa sumu. Ila nyumbani shida ni mfumo mzima, hata mafunzo hakuna.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hata mafunzo hakuna? Umeyakagua wapi, Birmingham? Idara ya dharura Muhimbili ilifunguliwa 2010 na madaktari bingwa wa dharura wanasomeshwa hapo hapo. Nilifundishwa kuingiza maji kwa sindano ya kwenye mfupa, chini ya goti, mshipa ukikosekana. Kinachonikosesha kazi ni sindano yenyewe, siyo akili.

Niko Birmingham
Pole dada, sikukulenga wewe. Mimi pia nina wanangu wako huko.

Mkazi wa Segera
Jamani, mada! Nimeuliza jambo moja: dripu au safari? Tabibu, nijibu moja kwa moja, tuandike kwamba zahanati zisitundike?

Tabibu Kijana
Hapana, na hapo ndipo tunapotofautiana. Watoto wengi wanaogongwa wanaumia kichwa. Presha ikiporomoka kwa mwenye jeraha la ubongo, ubongo unakosa damu na anakufa, au anabaki na ulemavu. Ukipiga marufuku dripu, huyo umemuua kwa mwongozo. Zamani tulifundishwa mililita 20 kwa kilo, ukirudia. Siku hizi wengi wanaanza na 10, kisha unampima tena: amechangamka? viganja vimepata joto? Yule wako wa kilo 15 anaanza na mililita 150, chupa nzima haimhusu. Na hiyo inafanyika gari likiwa limeshaitwa au mkiwa njiani.

Mkazi wa Segera
Gari likiwa limeitwa! Gari lipi? Ninyi wa mjini mnaandika kama kila kijiji kina gari la wagonjwa limeegeshwa chini ya mti. Namba 115 ya m-mama, ya kuita usafiri wa dharura, ninaijua, imeokoa wazazi na watoto wachanga, nawapongeza. Mtoto wa miaka sita aliyegongwa anaingia kwenye mpango gani? Anabebwa na bodaboda. Nani anashika chupa kwenye bodaboda?

Dereva Boda Mkata
Tunashika sisi. Na tukimfikisha tunawekwa chini ya ulinzi sisi. Nilimleta mtoto aliyegongwa na gari lililokimbia, damu imejaa kwenye shati langu, nikaambiwa nisiondoke mpaka askari aje, kwa kuwa mwenye pikipiki ndiye anayegonga. Nililala kituoni. Wenzangu kijiweni wamejifunza: wakiona mtoto chini wanapita. Afande, fomu yako ina sehemu ya kuandika kwamba huyu ni msaidizi?

Afande Mstaafu
Maelezo yako yanaandikwa na askari wa zamu. Hukutendewa haki hapo, ila usiikatae sheria nzima kwa askari mmoja.

Mama Junior
Askari mmoja, nesi mmoja, dereva mmoja. Kila mtu hapa ana mmoja wake. Mimi nataka kusikia nani analinda bodaboda aliyejitolea.

Baba Zuhura
Naunga mkono. Bila huyo kijana hakuna dripu wala hospitali ya kujadili.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Dereva, ukipita kwangu jina lako nitaliandika kwenye kitabu cha mapokezi kama aliyemleta mgonjwa, na nitasaini. Askari akija atanikuta mimi kwanza. Ila ukimbeba mtoto mbebe na mtu wa pili, abane kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, asifungue kila dakika kuchungulia. Mfunikeni kanga hata kama kuna joto. Na mnipigie simu mkiwa njiani, nimtafute wa kunisaidia.

Mwana Muheza
Na dripu utatundika?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Akiwa analia na viganja vina joto, hapana, anaondoka. Akiwa amelegea, nitajaribu mshipa huku mnageuza chombo cha usafiri. Nikikosa simng'ang'anii, anaondoka.

Mkazi wa Segera
Hilo "nikikosa simng'ang'anii" ndilo nilikuwa nalitafuta tangu mwanzo. Afande, bado hujamjibu dereva swali la fomu.