Naomba ushauri: kisu cha kukunja kinachodumu na kinachokata vizuri, kwa kazi za ziwani Mwanza

Mchuuzi wa Ukara
Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, nanunua dagaa na samaki visiwani na kuwaleta Mwaloni Kirumba. Natafuta kisu cha kukunja cha kukaa mfukoni siku nzima. Kazi zake: kukata kamba za nailoni na nyuzi za magunia, kumenya embe na nanasi safarini, kukatia nyanya na vitunguu tukipika kisiwani, mara mojamoja kutoa matumbo ya sato. Nyumbani mama watoto naye hukichukua akikata viazi vitamu vya michembe, vile vipande vya kuanika.

Nilicho nacho ni kinene, cheusi, kina klipu ya kubana mfukoni. Ukikisukuma kwenye kiazi kibichi, kiazi kinapasuka "kwa!" kabla kisu hakijafika katikati, na kipande kinatoka upande mmoja kinene, upande mwingine chembamba. Michembe ya namna hiyo haikauki sawasawa. Nyanya ndiyo kabisa, inapondeka. Nimekinoa mpaka kinanyoa vinyweleo vya mkono, kwenye kiazi hali ni ileile. Na sasa ubapa umeanza kucheza kwenye pini.

Bajeti ni elfu 80. Shemeji yangu anakuja kutoka Ubelgiji mwezi ujao, kwa hiyo hata cha nje anaweza kunibebea. Nataka kitu cha miaka. Naomba kuwasilisha.

Fundi Kinoo
Mkuu, kama kinanyoa vinyweleo na bado kinapasua kiazi, basi shida si makali, shida ni unene. Makali ni ule mstari wa mwisho tu. Yakishapita, ubapa mzima nao lazima upite ndani ya kiazi, na mgongo wa milimita 3 na nusu au 4 unafanya kazi ya kabari. Unaweza kunoa usiku kucha, kabari itabaki kabari.

Visu vingi vya kukunja vya siku hizi vimejazwa chuma ili vionekane vya kazi ngumu. Kwa kazi ulizotaja tafuta mgongo wa milimita 2 kushuka chini, tena uwe umechongwa kuanzia mgongoni hadi kwenye makali. Kuna vile vinavyobaki vinene mpaka karibu na mwisho halafu vinachongwa ghafla, hivyo achana navyo. Dukani kishike ncha ikikutazama. Ukiona herufi V ndefu na nyembamba, hicho kitakata. Ukiona bega limetuna karibu na makali, kirudishe.

Kuhusu kudumu, kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja, bana mgongo wa ubapa kwa vidole viwili, tikisa kushoto na kulia. Kikicheza kikiwa kipya, usitegemee kitapona. Kisha kifunge taratibu uone kama ubapa unaingia katikati ya mpini bila kukwaruza ukuta. Cha skrubu utakikaza mwenyewe, cha ribiti kikilegea ni mpaka mtu akigonge.

Jirani wa Igogo
Opinel. Kisu cha Kifaransa, asili yake Savoie mwaka 1890, na umbo halijabadilika sana mpaka leo. Namba 8 ubapa wake ni sentimita 8.5, mgongo haufiki hata milimita 2. Kwenye shingo ya mpini kuna pete ya chuma unayoizungusha, ubapa hauwezi kukufungia vidole. Pete hiyo iliongezwa 1955. Ndani hakuna springi wala skrubu, ni vipande vichache tu. Kwa shemeji aliyeko Ubelgiji ni jirani na Ufaransa, atakipata bila shida, na bajeti yako haitaumia.

Mama Nansio
Kaka Igogo, Opinel nzuri lakini mwambie na hili: mpini wake ni wa mbao na mbao inavimba. Ya mume wangu ikilowa kwenye mtumbwi, ubapa unabanwa ndani kama umegandishwa, unaupigania mpaka kucha inataka kung'oka. Mtu unayevuka kwenda Ukara na kurudi, mfuko umelowa nusu ya muda, utakitaka kisu kwa haraka kamba imenasa kwenye propela, halafu hakifunguki. Hiyo ni hatari.

Mimi natumia Victorinox ya Uswisi. Ubapa mwembamba, haushiki kutu, mpini wa plastiki haujali maji.

Jirani wa Igogo
Mama, umesema kweli kuhusu kuvimba. Dawa yake ipo: pete iwe imefunguliwa, shika mpini kwa nguvu, gonga kisigino chake kwenye mbao ya mtumbwi, upande ule wa pini. Ubapa unachomoza kidogo, unaumalizia kwa vidole. Wafaransa wenyewe ndivyo wafanyavyo. Na kikiwa kipya, kiache mpini ukauke vizuri kisha usugue kwa nta ya nyuki iliyopashwa moto, hasa ndani ya ule mfereji unamolala ubapa. Maji yataingia kwa shida.

Victorinox siikatai, ila zile ndogo za kawaida hazina kufuli. Ukisukuma ncha mahali pagumu kinaweza kujikunja juu ya vidole. Akitaka hiyo achukue zile kubwa za milimita 111 zenye kufuli, nazo bei inapanda.

Kijana wa Kamanga
Mwangaluka wakuu. Mbona hakuna aliyeitaja Okapi? Ile yenye mpini wenye mwezi na nyota, na kipete mgongoni cha kuvuta ukitaka kuifunga. Ilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya makoloni yao Afrika, sasa inatengenezwa Afrika Kusini. Ni chuma cha kaboni, unanoa hata kwenye jiwe la mtoni. Hakuna haja ya kusubiri mtu kutoka Ulaya.

Fundi Kinoo
Okapi ni kisu cha heshima, na kwa kamba za nailoni kinafaa sana. Ila chuma cha kaboni kinataka mtu wa kukifuta. Ukikatia embe au ndimu ukakirudisha mfukoni kibichi, kinageuka kijivu, halafu kutu inaingia. Kwa mtu anayeshinda majini ningesema kisichoshika kutu, hata kama ni Opinel. Wanazo za aina zote mbili, shemeji aulize kabla ya kulipa.

Sasa kuhusu chuma, kwa sababu najua kuna atakayekuja na vile vyuma vya bei kubwa. Chuma kigumu sana hukaa na makali muda mrefu, sibishi. Lakini kikichakaa ukiwa Ukara utakinoa na nini? Kinataka jiwe la almasi. Chuma cha Victorinox ni laini kiasi, ugumu kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, na jiwe la kawaida linakirudisha kwa dakika chache. Kwa kazi yako hicho ndicho unachohitaji.

Na nakuomba sana, usikipeleke kwa wale wa kunoa kwa gurudumu la mashine. Cheche zile ni joto. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, ugumu umeshaondoka, pale patakuwa pakibutuka kila siku mpaka upaondoe pote. Tafuta jiwe la kunolea la namba 1000 (namba ya ulaini wa chembe zake), lilowe maji, kisu kilale karibu na jiwe, nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Usikisugue mpaka king'ae kama kioo. Yale meno madogo yanayobaki baada ya 1000 ndiyo yanayoshika ngozi ya nyanya na nyuzi za kamba.

Mama Nansio
Na samaki je? Mimi samaki namkatia kisu kisichokunja. Utelezi na magamba vinaingia kwenye maungio, kesho mfuko mzima unanuka.

Fundi Kinoo
Nakubaliana na mama. Kwa sato mmoja wa dharura sawa, ila siku hiyohiyo osha maungio kwa maji ya moto na sabuni, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani. Sangara usimguse nacho, mifupa yake itakulegezea pini.

Mchuuzi wa Ukara
Asanteni sana wote. Nimeelewa kwa nini kunoa hakukunisaidia. Naagiza Opinel isiyoshika kutu, na nta ya nyuki nitapata. Kisu cha samaki nitaweka kingine kisichokunja ndani ya mtumbwi. Swali la mwisho: namba 8 au kubwa zaidi?

Jirani wa Igogo
Kama viazi na nanasi ni vya kila wiki, chukua namba 9, ubapa ni sentimita 9, na mpini unajaza kiganja vizuri zaidi. Namba 10 mfukoni utaichoka. Na mwambie shemeji akiweke kwenye begi linaloenda chini ya ndege, kwenye begi la mkononi watamnyang'anya.