Ramani ya bonde la Turkwel: nipige kambi wapi?

FundiPampu_Kisauni:
Hamjambo jamaa. Wiki ijayo tunapanda Turkana kufunga pampu za visima, chini ya Lodwar. Bosi kanipa ramani ya topografia ya 1:100,000, eti nichague mahali pa kambi. Kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, mara ya mwisho niliziona shuleni! Kuna kijimto cha buluu ya vipande vipande, na kando yake kontua zimeachana mbali, tambarare safi. Nimetia alama hapo. Halafu kontua zinazokata mto wenyewe, Turkwel, zimepinda kama V, ncha magharibi. Maji yaelekea huko?

KasaMzee:
Futa hiyo alama, ami. Buluu ya vipande ni mto wa msimu, wenyewe huuita laga. Mvua hunyesha milimani mbali, kwako nyota zang'aa, usiku wa manane maji hayo! Sisi tulilala kwenye mchanga laini wa laga kama ufuo wa Nyali. Jiko na magodoro mawili hatukuyaona tena.
Na V umeisoma kinyume: ncha huonyesha maji yanakotoka. Turkwel yatoka Mlima Elgon, yamwaga Ziwa Turkana, mashariki.

MamaRamani:
Hiyo "tambarare safi" usiiamini. Soma pambizoni kontua zapishana mita ngapi za kimo. Zikipishana 20, genge la mita sita laweza kukaa katikati na lisichorwe, na mita sita ni kimo kushinda lori lenu. Tazama pia mwaka wa ramani, kwa sababu mito ya mchanga huhama.

Dira7:
Jambo jingine: ramani zetu za zamani zilipimwa kwa Arc 1960, simu yako yatumia WGS84, mifumo miwili tofauti ya kupima mahali. Ukizihamisha namba za mahali kutoka ramani hadi simu hivihivi utapotea kama mita 300, kaskazini au kusini. Mita 300 ndizo zitakazokulaza mtoni ukidhani uko mlimani.

FundiPampu_Kisauni:
Ahsanteni, nimefuta. Naona kontua imejifunga duara, kilima kidogo, sentimita moja kutoka kwenye laga, yaani kilomita moja. Hapo vipi?

KasaMzee:
Hapo sawa, bora lori lifike.

FundiPampu_Kisauni:
Na kivuli?

KasaMzee:
Kivuli kiko mtoni, chini ya mikoma na migunga. Unafikiri sisi tulifuata nini kule? Beba turubai.