Nimekatwa aptitudi mara ya pili, muda umeisha nipo swali la 26. Nyie mnafanyaje mazoezi?

mtoto_wa_mwanga

Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, Mwanga hapa, nimemaliza chuo mwaka juzi, fani ni ugavi. Nimeshaitwa usaili wa mchujo mara mbili, taasisi mbili tofauti, sizitaji maana mkate bado tunautafuta, na zote nimeishia kwenye pepa la aptitudi, lile la kupima hesabu za haraka na mantiki. Ya kwanza nikajipa moyo nikasema bahati mbaya. Hii ya pili imeniuma kwa kweli, nimetoka huku na treni mpaka Dodoma, nimelala kwa mtoto wa shangazi Area C kwenye kochi, asubuhi naingia chumbani maswali 40 dakika 40, kalukuleta hakuna, sijakaa vizuri msimamizi anasema zimebaki dakika tano na mi nipo swali la 26. Yaliyobaki nikapiga ana ana ana do.

Kuna hili swali moja limenila kama dakika nne nzima, nalikumbuka mpaka leo:

4, 50, 8, 45, 16, 40, ?

Nikatafuta tofauti, inapanda 46, inashuka 42, inapanda 37, inashuka 29, yani hakuna kitu. Na sio kwamba sijasoma. Nina desa la maswali kama 500 na majibu yake kwenye simu, nimelipitia lote mara mbili, kila nikisoma jibu naona mbona rahisi. Nikifika kwenye pepa kichwa kinakuwa kama gunia. Mchana namsaidia bi mkubwa sokoni, usiku ndo napiga msuli. Waliopenya naomba mnipe njia, mnafanyaje mazoezi?

Bibie_Gungu

Pole mdogo wangu. Jibu ni 32. Hapo kuna treni mbili zimepita reli moja. Chukua ya kwanza, ya tatu, ya tano: 4, 8, 16, inazidishwa mara mbili. Chukua ya pili, ya nne, ya sita: 50, 45, 40, inapunguzwa tano. Namba zikiwa zinapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, acha kutafuta tofauti za jirani kwa jirani, ruka moja moja.

Ila ugonjwa wako umeusema mwenyewe bila kujua. Umesema "nikisoma jibu naona mbona rahisi". Asa hapo ulikuwa unafanya mazoezi au unasoma riwaya? Jibu ukishaliona akili inakubali tu, haibishani. Mi nilifanya hivohivo mwaka wa kwanza wa kutafuta kazi nikakatwa mara tatu, sio mbili. Nilipopenya nilikuwa nimefanya maswali machache sana, sidhani hata yalifika 200, ila kila moja nimelitoa jasho.

Nilivyokuwa nafanya: nachukua maswali 20, naweka simu dakika 20 ilie, naifunika mezani nisiione, karatasi na peni basi. Ikilia naacha hapohapo hata kama nipo katikati ya hesabu. Halafu nasahihisha, na yale niliyokosa nayahamishia kwenye daftari la peke yake. Siandiki jibu sahihi, hilo lipo kwenye desa, naandika NILIWAZA NINI mpaka nikakosa. "Nimesoma haraka sikuona neno ISIPOKUWA." "Nimegawanya badala ya kuzidisha." "Nimeng'ang'ana." Baada ya wiki mbili nikagundua nusu ya makosa yangu hayahusiani na hesabu kabisa, sisomi swali mpaka mwisho. Hiyo desa haiwezi kukwambia.

Na swali likipita dakika moja hujaona mlango, weka alama, tembea. Swali gumu lina maksi moja na rahisi lina maksi moja, sasa wewe dakika nne kwenye moja umelipa bei ya maswali manne.

Mawese_Matupu

Hizi aptitudi mnazikuza tu wakuu, ni hesabu za kawaida za kichwa. Mfano gari limetoka Kigoma kwenda mahali kwa spidi 60, likarudi njia ileile kwa spidi 40, wastani ni ngapi? 60 na 40 ni 100 gawa kwa 2, ni 50. Sekunde tatu. Ukiwa na akili ya sokoni hupati shida.

Isevya_Mwalimu

Mkuu Mawese umekatwa wewe hapo 😂 Tena hilo ndo wanalipenda, na 50 wanaiweka kabisa kwenye machaguo, herufi B, ikusubiri.

Chukua umbali wowote rahisi, tuseme km 120. Kwenda kwa 60 ni saa 2. Kurudi kwa 40 ni saa 3. Jumla km 240 kwa saa 5, wastani ni 48. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye spidi ndogo ndo maana wastani umevutwa chini. Wastani wa spidi ni umbali wote gawa kwa muda wote, hakuna njia ya mkato nyingine.

Mi nafundisha hesabu huku Tabora, vijana wengi wanakuja jioni na haya maswali. Nawaambia jambo moja wanakuwa hawaamini: sehemu kubwa ya hizo hesabu ni kidato cha pili na cha tatu. Seti, asilimia, uwiano, viwango, mfuatano wa namba. Kuna kijana ana shahada nikamwazima kitabu cha kidato cha pili akaona namdharau. Akarudi baada ya siku nne kuomba cha kidato cha tatu.

Chukua hili, limetoka sana. Bomba la kwanza linajaza simtanki kwa saa 4, la pili kwa saa 6, na chini pana ufa unaomaliza tanki zima kwa saa 12. Vyote vikiwa wazi linajaa kwa saa ngapi? Watu wanaanza na robo, moja ya sita, moja ya kumi na mbili, wanatoa jasho. Usihangaike na sehemu. Tafuta namba inayogawanyika kwa 4, 6 na 12, ni 12. Sema tanki lina ndoo 12. Bomba la kwanza linaleta ndoo 3 kwa saa, la pili 2, ufa unaiba 1. Zinabaki 4 kwa saa. 12 gawa kwa 4, saa 3. Sekunde ishirini umemaliza. Hiyohiyo njia inakula maswali yote ya mafundi wawili wanajenga ukuta.

Asilimia nayo weka 100 daima. Dumu la mawese limepanda 20%, likashuka 20%, bei imerudi palepale? 100 inakuwa 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, unabaki na 96. Umepoteza 4. Bwana Mawese hili lako kabisa.

Mawese_Matupu

Aisee 48 kweli. Nimeandika hapa chini nimeamini. Hilo la dumu nalikataa kwa sababu za kibiashara lakini hesabu iko sawa 😅

kaka_wa_Ujiji

Hesabu mi sina shida nazo, mi naanguka kwenye yale ya mantiki. Kuna jamaa alinipa hili tukabishana barazani mpaka kahawa ikapoa:

Wavuvi wote ni waogeleaji. Baadhi ya waogeleaji ni wakazi wa Ujiji. Je, baadhi ya wavuvi ni wakazi wa Ujiji?

Mi nimesema ndiyo. Anasema nimekosa. Sasa nimezaliwa Ujiji, baba mvuvi, babu mvuvi, anikatalie vipi?

Bibie_Gungu

@kaka_wa_Ujiji umekosa kweli kaka yangu, na umekosa kwa sababu wewe ni wa Ujiji. Lile swali halikuulizi kuhusu Ujiji unayoijua, linakuuliza hizo sentensi mbili peke yake zinakulazimisha ukubali hitimisho? Chora duara kubwa la waogeleaji. Ndani yake duara dogo la wavuvi. Sasa wale waogeleaji wanaoishi Ujiji wanaweza kuwa wote wako nje ya duara la wavuvi, watoto tu wanaoruka majini pale ufukweni. Sentensi hazijavunjika. Kwa hiyo jibu ni "haiwezi kujulikana".

Mi nilikuwa nabadilisha maneno. Badala ya wavuvi naweka vitu visivyo na maana, viroboto wote ni vijiko, baadhi ya vijiko ni vya bluu. Hapo huna baba wala babu wa kukudanganya.

kaka_wa_Ujiji

Duh. Nimechora. Haya nimekubali, ila kwenye baraza sirudi kumwambia.

mama_Kasulu2

Naomba niongeze kitu ambacho hamjakisema, LUGHA. Haya mapepa mengi yanakuja kwa Kiingereza na kuna sehemu Kiswahili chetu kinatutega. Mfano maswali ya ndugu. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka yako, huwezi kumwita vingine nyumbani wakakuelewa. Kwenye pepa kaka ni yule wa tumbo moja tu, na mjomba na baba mdogo wote kwa Kiingereza wana neno moja. Kwa hiyo ukisoma swali usitafsiri kichwani, chora mti, mwanaume pembetatu, mwanamke duara, mstari kwa mstari. Jaribu hili: mama anaonyesha picha anasema "huyu ni mtoto wa kiume wa binti pekee wa mama yangu". Huyo kwenye picha ni nani wake?

Lingine ni saa. Hii nacheka lakini ilinigharimu. Swali linasema saa inaonyesha 3:15, pembe kati ya mishale miwili ni nyuzi ngapi? Kichwani nikasema saa tisa na robo, nikachora mshale mdogo kwenye 9 na mkubwa kwenye 3, nikajibu 180 kwa raha zangu. Mshale uko kwenye 3 jamani, sisi ndo tunasema tisa. Na hata ukichora vizuri jibu sio sifuri, maana ndani ya dakika 15 mshale mdogo nao umesogea, unatembea nusu nyuzi kila dakika, kwa hiyo ni 7.5.

Isevya_Mwalimu

Hiyo ya saa tisa naiiba nikawaambie wanafunzi wangu 😂

Mtoa mada, kuhusu yale uliyopiga ana ana ana do, soma maelekezo ya mwanzo wa pepa. Kama jibu baya halikatwi maksi usiache hata moja wazi. Kama linakatwa, tuseme robo maksi, na machaguo ni manne, ukishaweza kufuta mawili kwa uhakika kisia, inalipa. Usipoweza kufuta hata moja acha kwanza, muda wako ni bora uupeleke kwingine. Na zile dakika za mwisho usiziache mpaka msimamizi aseme, mi naambia watu kwenye dakika 40 ikifika ya 35 wewe ndo ujitangazie.

Mawese_Matupu

Sasa na yale ya maumbo, sijui pembetatu inazunguka nukta inahama kona, hayo ni uchawi au?

Isevya_Mwalimu

Fuatilia kitu kimoja kimoja. Nukta peke yake, inahama kona ngapi. Kisha rangi peke yake. Mara nyingi ukishafuata nukta tu machaguo mawili yameshakufa. Anayeangalia picha yote kwa pamoja ndo anaona uchawi.

mtoto_wa_mwanga

Wakuu sijui niseme nini, nipo hapa tangu jana nachukua notisi. Jana usiku nimefanya kama Bibie alivyosema, maswali 20, simu nimeifunika chini ya kanga ya bi mkubwa, umeme ukakatika nipo swali la 9, nikawasha tochi ya simu muda ukiwa unaendelea kuhesabu, nikafika la 17 ikalia. Nimepata 11. Sio nyingi lakini safari hii najua sita nilizokosa zilikufaje, nne nimekimbilia jibu kabla sijamaliza kusoma, mbili ni za asilimia, badala ya kuchukua asilimia ya bei mpya nikachukua ya zamani. Zote zipo kwenye daftari kwa mwandiko mbaya wa gizani.

@mama_Kasulu2 lile la picha kwanza nilijibu ni mpwa wake, nikajiamini kabisa. Kisha nikachora mti. Binti pekee wa mama yake ni yeye mwenyewe, kwa hiyo ni mwanae. Nimeliandika ukurasa wa kwanza: "nilimtafuta mtu mwingine wakati ni yuleyule anayeongea."

Leo usiku nafanya 20 nyingine. Mwenye maswali ya maumbo anitumie, desa langu kurasa za picha zote zimetoka nyeusi.